Bima ya kikundi cha kujitolea Unguja na Pemba: kutoka daftari la wanachama hadi siku ya kudai

Kila ikikaribia Idd au sherehe za Januari 12, simu yangu hulia kwa swali lile lile: "Tulikata bima, mwenzetu kaumia, kampuni haitaki kulipa. Tufanyeje?" Nikiomba kuiona hati, mara nyingi naona tatizo halikuzaliwa siku ya ajali. Lilizaliwa siku fomu ilipojazwa mbio mbio juu ya baraza, jina la kikundi likaandikwa kwa mkato na idadi ya watu ikapunguzwa ili bei ishuke.

Mwongozo huu ni wa vikundi visivyolipana mshahara: beni, mbwa kachoka, ngoma, maulidi ya homu, michezo ya kuigiza, wasafishaji wa fukwe, na hawa vijana wetu wa kosiplei wanaojivika sura za wahusika wa katuni za Kijapani wakapiga picha Forodhani. Mimi ni mshika fedha wa beni moja ya Ng'ambo. Si wakala wa bima wala sipati kamisheni kwa mtu.

## Vya kuwa navyo mkononi kwanza

Usiende ofisi yoyote ya bima kabla ya kuwa na hivi:

- Cheti cha usajili wa kikundi na katiba, nakala na asili.
- Barua ya sheha inayothibitisha kikundi kinakaa wapi, khasa kama "ofisi" yenu ni sebule ya mtu.
- Daftari la wanachama: jina kamili kama lilivyo kwenye Zan ID, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kazi yake kikundini, na jina la mrithi.
- Kalenda ya maonyesho ya miezi 12 ijayo, pamoja na mahali na makisio ya watazamaji. Msiyokuwa na hakika nayo yaandikeni pia, mutie alama.
- Orodha ya vifaa na picha zake. Bei iwe ya kununulia leo, si ile ya mwaka mulioanza.
- Mikataba ya kumbi munazokodi na vibali munavyopewa.
- Namba ya simu na barua pepe ya kikundi, si ya katibu. Makatibu huhama.

Kukusanya haya ni kazi ya wiki moja au mbili. Wengi huikimbia kazi hii, na hapo ndipo wanapokwamia.

## Hatua ya 1: Andikeni yanayoweza kutokea, musianze na aina za bima

Kaeni watu watatu: anayebeba vifaa, anayecheza, na anayeshika fedha. Chukueni onyesho lenu la mwisho, mulipitie tangu sanduku la kwanza lilipotolewa stoo mpaka mtu wa mwisho alipofika kwake. Kila mahali ambapo mtu au kitu kingeweza kudhurika, andikeni mstari mmoja.

Ukurasa wetu sisi una mistari kama hii: mpiga tarumbeta anaanguka garini. Upanga wa mbao unampata mtazamaji jichoni. Aliyevaa kofia kubwa ya sponji haoni ngazi, anateleza. Spika za kukodi zinanyeshewa. Sanduku la mavazi linaanguka bandarini wakati wa kupanda boti ya Pemba. Mtoto anakimbilia ngoma kuu, inamwangukia.

Mbele ya kila mstari tieni herufi moja: W kama anayedhurika ni mwanachama, N kama ni mtu wa nje, V kama ni vifaa.

Kwa nini tufanye hivi? Kwa sababu wakala atawauliza "munataka bima gani?", na asiyejua hujibu "ya kila kitu". Bima ya kila kitu haipo. Zipo hati tofauti, na kila moja inajibu herufi yake.

Mumefanikiwa mukiwa na mistari kumi au zaidi, na kila mmoja una herufi. Mukipata mitatu tu, aliyebeba vifaa hakushirikishwa.

## Hatua ya 2: Jina moja kila mahali

Bima ni mkataba, na mkataba unataka mtu. Kikundi kinakuwa "mtu" kwa kusajiliwa: jumuiya kwa Mrajis, kikundi cha sanaa kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni (BASSFU), klabu ya michezo kwa upande wa Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar. Hati ikikatwa kwa jina la mwenyekiti peke yake, wa kwanza kuuliza swali siku ya dai ni kampuni: aliyeumia anahusiana vipi na huyu bwana?

Angalieni herufi kwa herufi: cheti, muhuri, akaunti ya benki na fomu ya bima viwe na jina lile lile. Sisi cheti chetu kinasema "Kikundi", muhuri ulisema "Jumuiya". Neno hilo moja lilitula wiki mbili za barua.

Kama bado hamjasajiliwa na onyesho ni wiki ijayo, njia ya haraka ni kumwomba mwandaaji wa tamasha awataje kwenye hati yake. Mumwombe kwa maandishi na awape nakala yenye jina lenu ndani. Neno la mdomo la "tumewakatieni" halina thamani.

## Hatua ya 3: Chagueni kinga kwa herufi zenu

### W: ajali za wanachama

Hii huitwa bima ya ajali ya kikundi. Kwa kawaida hulipa kifo, ulemavu wa kudumu kwa asilimia, kiasi cha kila wiki mtu akishindwa kufanya kazi, na gharama za matibabu hadi kikomo kilichoandikwa. Hailipi zaidi ya kikomo hicho hata bili iwe ndefu vipi.

Hapa pana mtego ambao vijana wa kosiplei lazima waujue. Hati nyingi hueleza ajali kuwa ni jambo la ghafla, linalotoka nje ya mwili na kumwachia mtu jeraha. Sasa fikirieni kijana aliyejifunga sponji na plastiki mwili mzima, mchana wa Januari, kaskazi imeshika, akazirai kwa joto. Hajaanguka juu ya kitu, hajapigwa na kitu. Kampuni itasema: huyo ameugua, hakupata ajali. Na kwa maneno ya hati, itakuwa na haki.

Kwa hiyo ulizeni kwa maandishi kama kuzirai kwa joto kumo. Mukijibiwa hapana, wekeni mfuko mdogo wenu wa kutibiana, na wale waliomo kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF) waje na kadi zao. Hiyo ni bima ya afya, haichukui nafasi ya bima ya ajali, lakini homa na joto ni za kwake.

Wachezaji wa kirumbizi, ngoma ya fimbo, nao wana mtego wao. Karibu kila hati huacha nje majeraha ya kupigana. Fimbo ya kichwa katika ngoma si ugomvi, sote tunajua, ila anayesoma dai huenda hajawahi kuiona kirumbizi maishani mwake. Mwambieni mapema kwamba ni ngoma.

### N: dhamana kwa umma

Hii hulipa pale mtu wa nje anapoumia, au mali yake inapoharibika, kwa uzembe wa kikundi chenu, naye akawadai. Hulipa pia, kwa kawaida, gharama za wakili wa kuwatetea. Huko Uingereza ni jambo la kawaida ukumbi kuomba cheti cha bima hii kabla ya kumpa mtu ufunguo. Huku kwetu wengi bado hawaombi, na ndiyo maana vikundi hukumbuka wakati jicho la mtu limeshaumia.

Mambo mawili husahauliwa.

La kwanza, mwanachama si mtu wa nje. Upanga wenu ukimkata mpiga ngoma wenu, hati ya dhamana kwa umma huenda isilipe mpaka muwe mumeongeza kifungu cha mwanachama dhidi ya mwanachama. Kiombeni kwa maneno hayo hayo.

La pili, mali iliyo mikononi mwenu. Mukikodi Ngome Kongwe au ukumbi wa skuli, kwa muda ule ukumbi uko chini ya uangalizi wenu, na hati nyingi huacha nje mali ya namna hiyo. Spika za kukodi vivyo hivyo. Katika Mji Mkongwe, ambao uko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kumega ukuta wa mawe na chokaa au kuvunja mlango wa nakshi si suala la kuita fundi wa mtaani na ndoo ya saruji. Ombeni kifungu cha mali iliyokodiwa, chenye kikomo chake.

### V: vifaa

Ngoma, matarumbeta, mavazi, spika. Hapa hesabu ya thamani ndiyo inayowaumiza watu, nayo ni hii. Tuseme vifaa vyenu vina thamani ya shilingi 12,000,000, nanyi mukaandika 6,000,000 ili ada ipungue. Tarumbeta la 2,000,000 likaibiwa. Mutafikiri mutapata 2,000,000, kwa kuwa haizidi 6,000,000. La. Mumekata nusu ya thamani, mutalipwa nusu ya hasara: 1,000,000. Kisha katika hiyo kitatolewa kile kiwango cha kujibebea wenyewe, yaani sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kampuni hailipi.

Ulizeni pia: kinga inafuata vifaa njiani na baharini, au inaishia mlangoni mwa stoo? Wizi unataka alama za kuvunja? Vilivyoachwa garini bila ya mtu je? Kwa kikundi kinachovuka kwenda Chake Chake mara mbili kwa mwaka, majibu haya matatu yana uzito kuliko bei.

### Na gari?

Gari ina bima yake ya lazima, na hiyo ni kazi ya mwenye gari. Kazi yenu ni kuangalia stika kabla ya kupanda, na kujua kama gari ile imesajiliwa kubeba watu. Kukodi gari ya mchanga mukapanda thelathini nyuma na ngoma zenu ni kuifuta kinga yenu wenyewe kwa mguu wenu. Tafuteni chai maharage, gari ya kubeba abiria.

## Hatua ya 4: Bei, na nani wa kumuuliza

Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC), lililoanzishwa 1969 na ni mali ya Serikali ya Mapinduzi, ndilo wengi wanalolijua. Lipo Shirika la Bima la Taifa (NIC), na zipo kampuni binafsi. Chukueni bei kutoka sehemu tatu, zote kwa ukurasa ule ule wa Hatua ya 1. Mukibadilisha maelezo, bei hazilinganishiki tena.

Jueni munayezungumza naye. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali wa bima anatafuta kwa niaba yenu. Wote wawili lazima wawe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambayo ina ofisi Zanzibar. Kumwomba mtu leseni yake si kumvunjia heshima. Anayekasirika amejibu.

Onyo. Kijana mmoja alinionyesha kwa furaha bima ya kosiplei aliyoiona kwenye mtandao, ya Uingereza, rahisi kabisa. Msinunue. Hati kama hizo huandikwa kwa ajili ya nchi zilizotajwa ndani yake, na Tanzania haimo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inataka bima za humu nchini zikatwe kwa kampuni zilizosajiliwa humu nchini.

Onyo jengine dogo. Tangu Oktoba 1, 2024 wageni kutoka nje ya nchi wanaoingia Zanzibar hulipa bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Baadhi ya vikundi vyenye wageni wa kujitolea wamenambia, "hao washakatiwa." Washakatiwa wao kama wasafiri. Mgeni huyo akimwangusha mtoto wa watu katika gwaride lenu, suala la uzembe wa kikundi liko pale pale.

Kuhusu wanaouliza kama bima ya kawaida inafaa kwa sheria ya dini: ulizeni habari ya takaful, ambayo sasa inapatikana hapa kwetu. Humo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana, na ziada hugawiwa kwa utaratibu uliokubaliwa. Masharti ya orodha, taarifa na vielelezo yako vile vile, kwa hiyo hatua zinazofuata ni zenu pia. Fatwa si kazi ya mshika fedha.

## Hatua ya 5: Fomu ya maombi

Nendeni polepole hapa. Ingekuwa juu yangu, fomu hii ingejazwa msikitini.

Bima inasimama juu ya ukweli kamili wa anayeomba. Jambo lolote ambalo lingemfanya mwenye kampuni apandishe bei au akatae, munalazimika kulitaja hata kama fomu haikuuliza. Mukilificha, kampuni inaweza kuifuta hati nzima, si kipande kile tu.

Nikupeni yetu. Mwaka mmoja tulikuwa watu 31, tukaandika 24. Tuseme ada ilikuwa 5,000 kwa kichwa: tuliokoa 35,000. Siku ya Idd pili kijana wa tarumbeta, aliyejiunga baada ya Ramadhani, akaanguka wakati wa kushuka garini, mkono ukavunjika mahali pawili. Kampuni ikatizama orodha, jina halimo, barua ikaja ya mistari minne. Tulichanga wenyewe. Nilikwenda kwa mama yake kumweleza, na yule mama hakusema neno, alinikaribisha chai tu. Tangu siku ile orodha naiandika mimi.

Basi jazeni hivi:

Idadi ya watu. Waandikeni wote, wakiwemo wabebaji na anayeshona mavazi kama anafuatana nanyi. Ombeni kifungu cha kuongeza majina katikati ya mwaka, na mujue mwanachama mpya anaanza kukingwa siku gani: ile munayotuma jina, au ile kampuni inayojibu.

Watoto na wazee. Hati nyingi zina mpaka wa umri juu na chini. Kama muna wanafunzi wa skuli au mzee wa miaka 74 anayepiga msondo kuliko nyinyi nyote, waandikeni na umri wao. Kwa watoto, wekeni idhini ya mzazi yenye saini.

Shughuli. Musiandike "burudani". Andikeni munachofanya: kupita barabarani, kupanda jukwaa, kucheza na fimbo, kuvaa kinyago kinachozuia kuona, kutumia moshi, kuwasha moto. Wanaoshiriki Mwaka Kogwa kule Makunduchi mwezi wa Julai wana mapigano ya migomba na banda linalochomwa moto. Yote mawili yaandikwe. Kwa ndugu zetu wa Pemba wenye mchezo wa ng'ombe, ulizeni peke yake na mudai jibu la barua. Msidhani umo ndani ya neno "utamaduni". Resi za ngarawa nazo ni mlango mwengine, kwa kuwa hati za dhamana kwa umma kwa kawaida huacha nje vyombo vya baharini.

Silaha za kuigiza. Bunduki za mbao na panga za sponji zitajeni kwa idadi na kwa malighafi. Kibali cha polisi cha gwaride nacho kizitaje. Mtu akitaharuki kwa kuiona bunduki akakimbia na kuanguka, dai litaanza na swali kama polisi walikuwa na taarifa.

Ajali zilizopita. Zitajeni zote, hata zile ambazo hamkudai.

Mukimaliza, mtu wa pili aisome fomu kwa sauti mbele ya kamati. Pigeni picha kila ukurasa kabla ya kutia saini. Musitie saini fomu tupu kwa ahadi kwamba wakala "atamalizia ofisini".

Kazi imefanyika vizuri mukiona aibu kidogo kwa jinsi mulivyoeleza hatari zenu.

## Hatua ya 6: Someni hati kabla fedha haijatoka

Ombeni rasimu. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza tupu, mtafuteni mwalimu mmoja akae nanyi jioni moja. Hamna haja ya kusoma kila neno, ila sehemu hizi msiziruke: jina la kikundi, tarehe ya kuanza na kwisha, mahali pa kinga (Unguja peke yake, au Pemba na visiwa vidogo pia?); vikomo; kiwango cha kujibebea; mambo yaliyoachwa nje; na muda wa kutoa taarifa ya ajali.

Huo wa mwisho uandikeni kwa wino mwekundu ukutani. Baadhi ya hati husema "mara moja", nyengine hutaja siku.

Kila ahadi ya mdomo iombwe iingie kwa kifungu cha nyongeza. Wakala akisema "hilo halina neno", mjibuni kwa upole: basi liandikwe.

## Hatua ya 7: Kulipa

Kinga haianzi mpaka ada ilipwe. Kukopeshana hakuna hapa, hata kama wakala ni shemeji yako. Lipeni kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la kampuni, kutoka akaunti ya kikundi. Kumrushia wakala kwenye simu yake ni kumpa mtu zawadi.

Kisha chukueni risiti na hati yenye namba, na muihakiki namba hiyo kwenye mfumo wa TIRA au kwa kupiga simu makao ya kampuni. Ikionekana kule kwa jina lenu, mumemaliza. Isipoonekana, onyesho lisubiri.

## Hatua ya 8: Siku ya onyesho

Mteueni mtu mmoja asiyecheza. Kazi yake: kuhesabu watu wanapopanda gari na kulinganisha na orodha, kupiga picha mahali kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kuhakikisha waliovaa vinyago wana mtu wa kuwashika mkono, na kuwa na maji ya kutosha. Sehemu ya watazamaji iwekewe kamba. Kamba ya katani ya shilingi elfu chache ni ushahidi kwamba hamkuwa wazembe.

Aliyekuja kuazimwa kutoka beni nyengine kwa siku moja, jina lake litumwe kwa kampuni kabla hajapanda gari. Kama haiwezekani, asipande.

## Hatua ya 9: Ajali imetokea

Mtu kwanza, hospitali kwanza. Dai haliharibiki kwa nyinyi kumkimbiza mgonjwa.

Baada ya hapo, siku ile ile:

1. Pigeni picha mahali, kifaa kilichohusika, na stika ya gari kama ipo.
2. Chukueni majina na simu za mashahidi watatu, angalau wawili wasiwe wanachama.
3. Kama ni gari, wizi au mtu wa nje kaumia, ripotini polisi na muchukue namba ya ripoti.
4. Iarifuni kampuni kwa simu, kisha kwa maandishi. Barua pepe inatosha ikiwa na tarehe. Simu peke yake haina shahidi.
5. Wekeni risiti zote za asili: dawa, picha ya eksirei, hata nauli. Risiti isiyo na jina la mgonjwa irudishwe dirishani pale pale.

Lililo gumu kwa sisi watu wa visiwani ni hili: musikubali kosa na musiahidi malipo. Kwetu mtu akiumia tunakwenda, tunamwangalia, tunaomba radhi, tunasema "hili letu, tutalimaliza." Katika bima ya dhamana kwa umma maneno hayo yanaweza kuipa kampuni sababu ya kutolipa, kwa kuwa hati nyingi zinakataza mkatiwa kukiri au kupatana bila ya idhini ya kampuni. Kumwangalia mgonjwa nendeni, chukueni na matunda. Mupe pole. Mambo ya nani alikosa na nani alipe, semeni yako kwenye bima na mutaleta jibu. Asiandike mtu karatasi yoyote, wala asitume ujumbe wa simu unaosema "ni makosa yetu".

Kifaa kilichovunjika musikitengeneze wala kukitupa mpaka mtathmini akione.

Hatua hii imekamilika mukiwa na namba ya dai. Siyo "tumepokea", siyo "tunashughulikia". Namba.

## Hatua ya 10: Dai likikataliwa

Ombeni sababu kwa barua, pamoja na kifungu cha hati kinachotajwa. Kifungueni kifungu hicho na mulinganishe na fomu muliyoipiga picha. Mara nyengine kampuni iko sahihi, na hapo ni bora kukubali na kurekebisha. Mara nyengine imetaja kifungu ambacho kifungu chenu cha nyongeza kilishakibadilisha, na barua ya ukurasa mmoja yenye nakala inatosha.

Isipotosha, pelekeni malalamiko kwa TIRA, au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya migogoro ya namna hii kabla ya kufikia mahakamani. Pelekeni hati, fomu, risiti ya ada, barua ya taarifa na barua ya kukataliwa, zote kwa mpangilio wa tarehe. Hasira yenu iacheni nyumbani. Anayezisoma ni mtu aliyechoka, na faili lililopangwa humpumzisha.

Dai likilipwa, mlipwaji asaini baada ya kusoma. Karatasi ile ya mwisho kwa kawaida inasema hakutakuwa na dai jengine kwa ajali hiyo. Kama mkono bado una chuma ndani na daktari amesema utafunguliwa tena, mwambieni kampuni kabla ya kalamu kugusa karatasi.

## Kuhuisha

Siku 30 kabla ya hati kwisha, toeni lile daftari. Wafuteni waliohama, waongezeni waliojiunga, pandisheni bei za vifaa, na mupitie tena ukurasa wa W, N na V pamoja na aliyebeba vifaa. Sisi hufanya hivyo Ijumaa baada ya mazoezi, na kila jina linasomwa kwa sauti mpaka mwenyewe aitike.